Mitego ya hewani: Safari ya kunasa viini vya maradhi visivyoonekana

MTU mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kila siku, na hana njia ya kujua kilichomo ndani yake. Maji yakichafuka huonekana. Chakula kikioza hunuka. Lakini hewa iliyobeba bakteria wa kifua kikuu (TB) haina rangi, harufu wala ladha, na aliyeivuta huenda akagundua miezi au hata miaka kadhaa baadaye kwamba alivuta maradhi.

Ni kwa sababu hiyo ambapo, kwa zaidi ya miaka 150, wanasayansi wamekuwa wakibuni mitego ya kunasa vitu vinavyoelea hewani. Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza ni kukinasa kiini, pili ni kukitambua. Sehemu ya kwanza imekuwa rahisi kiasi. Ya pili ndiyo iliyowatoa watafiti jasho. Aidha, katikati ya hizo mbili pana tatizo ambalo aghalabu halitajwi: kiini chaweza kufa kwa kule kunaswa tu, na maiti ya bakteria haimwambizi mtu yeyote.

Mfaransa Louis Pasteur ni miongoni mwa waliotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1850 na mwanzoni mwa miaka ya 1860, wasomi wengi waliamini kwamba vijidudu huzuka vyenyewe ndani ya vitu vinavyooza. Pasteur alishikilia kuwa vijidudu hivyo huletwa na hewa, na ili kuthibitisha hilo ilimbidi avinase.

Alichukua neli, akaiziba kwa kipande cha pamba iliyotiwa kemikali, kisha akafyonza hewa ya Paris ipite humo. Pamba hiyo ilikuwa na sifa moja muhimu: ilikuwa ikiyeyuka kabisa ndani ya mchanganyiko wa spiriti na etha. Baada ya pamba kuyeyuka, kilichobaki ni vumbi lililonaswa, naye akalitazama kwa hadubini. Humo aliona chembe zilizofanana na mbegu za kuvu na vijidudu vingine.

Mnamo 1860 alifanya jaribio jingine. Alibeba chupa zenye mchuzi uliochemshwa na kufungwa, akazifungua kwa muda mfupi mahali mbalimbali ili hewa iingie, kisha akazifunga tena. Kati ya chupa 20 alizofungua kwenye nyanda za chini karibu na milima ya Jura, nane ziliharibika. Juu ya mlima huko huko Jura, ziliharibika tano. Alipopanda hadi kwenye barafu karibu na Mont Blanc, iliharibika moja pekee. Yaani, kadiri hewa ilivyokuwa safi ndivyo mchuzi ulivyosalimika. Chupa hizo, kwa namna fulani, zilikuwa vipimo vya kwanza vya kulinganisha viini vya hewa ya pahali pamoja na pengine.

Mfaransa mwenzake, Pierre Miquel, aliigeuza kazi hiyo kuwa ya kila siku. Katika kituo cha utafiti cha bustani ya Montsouris, Paris, alihesabu bakteria wa hewani mwaka baada ya mwaka, akilinganisha misimu na mitaa ya jiji.

KANUNI YA ABIRIA WA MATATU

Mitego mingi iliyofuata hutegemea kanuni moja ambayo kila abiria wa matatu anaifahamu mwilini mwake. Gari likikata kona kwa kasi, abiria huendelea kwenda alikokuwa akielekea, mpaka agonge dirisha au jirani yake. Hewa nayo ikifyonzwa kwa kasi kupitia tundu jembamba kisha ikalazimishwa kupinda ghafla, hupinda kwa urahisi kwa kuwa ni nyepesi. Chembe nzito zilizomo hushindwa kupinda. Hugonga ukuta, na ukuta huo ukiwa umepakwa grisi au jeli, hunata hapo.

Mwanasayansi Mwingereza J. M. Hirst, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alitumia kanuni hiyo kuunda mtego aliouchapisha mnamo 1952. Pampu yake hufyonza lita 10 za hewa kwa dakika kupitia ufa mwembamba. Nyuma ya ufa huo pana kioo kilichopakwa kitu cha kunata, ambacho husogezwa na mtambo wa saa kwa milimita mbili kila saa. Mtego wenyewe una mkia unaougeuza uelekee upepo unakotoka. Kwa hivyo mtafiti akikitazama kioo hajui tu ni chembe zipi zilizopita, bali pia zilipita saa ngapi. Vifaa vya muundo huo, ambavyo sasa hutumia utepe uliozungushwa kwenye pipa dogo kwa siku saba, vingali vinategemewa katika nchi nyingi kupima chavua zinazowasumbua wagonjwa wa pumu na mizio.

Mtego wa Hirst haujali kama chembe iko hai au imekufa. Mmarekani Ariel Andersen ndiye aliyelikabili tatizo hilo mnamo 1958. Akiwa katika kituo cha kijeshi cha Dugway, jimbo la Utah, aliunda mnara mdogo wa ngazi sita. Kila ngazi ina bamba lenye matundu 400, na chini ya kila bamba huwekwa sahani ya kuoteshea bakteria. Matundu ya juu ni makubwa, ya chini ni madogo zaidi na zaidi, hivi kwamba hewa huongeza kasi kadiri inavyoshuka. Chembe kubwa hukwama juu, ndogo hufika chini.

Uzuri wa kifaa hicho ni kwamba kinaiga njia ya pumzi ya binadamu. Vilivyonaswa ngazi za juu ni vile ambavyo vingeishia puani na kooni. Vilivyofika ngazi za chini vingepenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na hivyo ndivyo vya kuogopwa zaidi. Baada ya siku moja au mbili sahani hutolewa na madoa ya bakteria waliomea huhesabiwa kwa macho. Kwa kuwa kilichohesabiwa kimemea, hakuna shaka kwamba kilikuwa hai.

Kuna pia mitego ya maji, ambapo hewa hupulizwa ndani ya chupa yenye kimiminika na viini hubaki humo, na mitego ya chujio, ambayo ni nafuu kuliko yote. Chujio lina kasoro yake: hewa inayozidi kupita hulikausha, na viini vingi dhaifu hufa. Hakuna mtego usio na dosari, na watafiti wazoefu huchagua dosari wanayoweza kuivumilia.

KUTU YA NGANO

Si maradhi ya binadamu tu yanayosafiri kwa upepo. Kutu ya shina la ngano, ugonjwa wa kuvu, husambaa kwa vumbi jekundu la chembe za uzazi zinazoweza kupeperushwa mamia ya kilomita. Mnamo 1921, Mmarekani E. C. Stakman aliwahi kuzitega chembe hizo kwa ndege. Rubani mashuhuri Charles Lindbergh naye alinasa chembe za hewani alipokuwa akiruka juu ya Greenland mnamo 1933, kwa kifaa alichounda akishirikiana na mtaalamu Fred Meier. Meier, aliyeupa utafiti huu wa viumbe wa hewani jina lake la kitaalamu, alitoweka Julai 1938 pamoja na ndege ya abiria iliyopotea juu ya Bahari ya Pasifiki ikielekea Manila.

Kwa wakulima wa Afrika Mashariki habari hizi si za mbali. Aina mpya ya kutu ya shina iligunduliwa nchini Uganda mnamo 1998 na ikapewa jina la Ug99. Ilishinda kinga ambayo aina nyingi za ngano duniani ziliitegemea, ikaingia Kenya, kisha Ethiopia, na kufikia 2007 ilikuwa imefika Yemen na Iran. Kituo cha utafiti cha Njoro, kaunti ya Nakuru, kiligeuka uwanja ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa makusudi mbele ya kutu hiyo ili ijulikane ipi itastahimili. Hapo mmea wenyewe ndio mtego.

WANYAMA WALIOPUMUA BADALA YA MASHINE

Wazo la kutumia kiumbe hai kama mtego liliwahi kusuluhisha ubishi mkubwa kuhusu TB. Hadi katikati ya karne ya 20, madaktari wengi waliamini kuwa ugonjwa huo huenezwa na matone makubwa ya mate ya mtu aliye karibu, au kwa vumbi na vyombo. Mtaalamu William Firth Wells, wa Marekani, alikuwa ameeleza mnamo 1934 kwamba matone madogo hukauka kabla hayajafika sakafuni, yakaacha mabaki mepesi yanayoelea kwa saa nyingi. Alikuwa na nadharia na hata mashine ya kunasa bakteria wa hewani. Alichokosa ni ushahidi kutoka kwa wagonjwa wenyewe.

Ugumu ulikuwa huu: bakteria wa TB ni wachache mno hewani, humea polepole kwa majuma kadhaa, na sahani ya maabara huwa imeshajaa kuvu nyingine kabla wao hawajaonekana. Hakuna mashine ya wakati huo iliyoweza kuwatambua.

Wells na mwanafunzi wake wa zamani, Richard Riley, waliamua kutumia simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofanana na sungura mfupi. Simbilisi huambukizwa TB kwa urahisi mno. Katika hospitali moja ya wanajeshi wastaafu mjini Baltimore, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, wodi ya vitanda sita ilizibwa ili hewa yake yote ipitie kwenye mabomba hadi kwenye chumba cha juu walimofugwa wanyama zaidi ya 150. Wanyama hao hawakumwona wala kumgusa mgonjwa yeyote. Walichoshiriki naye ni pumzi tu.

Katika miaka miwili ya kwanza, wanyama 71 waliambukizwa. Waliokosoa walidai labda chakula au maji ndiyo yaliyoleta ugonjwa. Watafiti wakajibu kwa chumba cha pili, kilichopokea hewa ile ile baada ya kumulikwa kwa miale ya urujuanimno inayoua viini. Humo hakuambukizwa hata mnyama mmoja. Fauka ya hayo, bakteria waliopatikana kwa wanyama walilinganishwa na wale wa wagonjwa, ikabainika kuwa wagonjwa wachache ndio walioambukiza wanyama wengi, hasa wale ambao dawa zilikuwa hazijawafaa au hawakuwa wameanza kuzitumia.

Kwa hesabu za watafiti, kipimo kimoja cha maambukizi kilipatikana, kwa wastani, ndani ya mamia ya mita za ujazo za hewa. Hesabu hiyo yaeleza kwa nini mashine zilishindwa, na pia kwa nini muuguzi anayefanya kazi mwaka mzima katika wodi isiyo na madirisha ya kutosha yumo hatarini. Mashine hufyonza hewa kwa dakika chache; yeye huivuta kutwa. Jaribio kama hilo lilirudiwa karne hii mjini Lima, Peru, na eMalahleni, Afrika Kusini.

KUTOKA POSTA HADI HOSPITALI

Msukumo mpya ulitokana na uhalifu. Kati ya Septemba na Oktoba 2001, barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa vyombo vya habari na maseneta wa Marekani. Watu 22 waliugua, na watano wakafariki. Wawili kati ya waliofariki walikuwa wafanyakazi wa kituo cha kuchambulia barua jijini Washington. Hawakufungua bahasha yoyote. Mashine zilizikamua bahasha zilipokuwa zikipita, unga ukapenya kwenye vinyweleo vya karatasi na kutapakaa hewani, nao wakaendelea na zamu kwa siku kadhaa kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kuwaonya.

Baada ya mkasa huo, idara ya posta ya Marekani iliweka mitambo ya kutambua kimeta katika vituo vyake vikuu. Mtambo hufyonza hewa juu ya mashine za barua, hukusanya chembe ndani ya kimiminika, kisha huingiza kimiminika hicho katika kibweta cha plastiki chenye vyumba vidogo vidogo. Ndani ya kibweta, chembe za urithi za kiini hutolewa na kurudufishwa mara mamilioni hadi ziweze kuonekana. Yote hufanyika bila mkono wa mtaalamu wa maabara.

Teknolojia ya kibweta hicho ilitoka kwa kampuni ya Cepheid ya California, na jina lake halitakuwa geni kwa wahudumu wa afya wa Kenya: GeneXpert. Watafiti walitambua kwamba kinachoweza kusaka kimeta posta chaweza kusaka TB kwenye makohozi. Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha kipimo hicho. Majibu ambayo kwa njia ya kuotesha bakteria yalichukua majuma, sasa yalipatikana kwa takriban saa mbili, pamoja na taarifa kama bakteria hao wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Kenya, ambayo ilikuwamo katika orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB, ni miongoni mwa nchi zilizosambaza mashine hizo hospitalini.

Gharama imekuwa kikwazo tangu mwanzo. Mnamo 2012, kwa ruzuku ya wafadhili, bei ya kibweta kimoja kwa nchi maskini ilishushwa kutoka karibu dola 17 hadi dola 9.98. Mnamo 2023, baada ya shinikizo la muda mrefu la wanaharakati, kile cha TB cha kawaida kilishushwa hadi dola 7.97. Na ile kasoro ya zamani haijaondoka: mashine huona chembe za urithi, haioni uhai. Mgonjwa aliyepona aweza bado kuonyesha dalili za TB kwenye kipimo kwa sababu ya mabaki ya bakteria waliokufa, ndiyo maana hakitumiwi kufuatilia kama dawa zinafanya kazi.

KENGELE ZA UONGO

Serikali ya Marekani ilijaribu kupanua kinga hiyo hadi barabarani. Mradi wa BioWatch, ulioanzishwa 2003, uliweka mitego ya chujio katika zaidi ya miji 30. Lakini machujio hayo hukusanywa kwa mkono kila siku na kupelekwa maabara, hivyo majibu huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 36 tangu kiini kinaswe. Kufikia wakati huo aliyekivuta ameshafika nyumbani, kama si mji mwingine.

Baya zaidi ni kengele za uongo. Kati ya 2003 na 2014, mitego hiyo iliripoti mara 149 kwamba imenasa kiini hatari, na hakuna hata mara moja ambapo palikuwa na shambulio. Vilivyonaswa vilikuwa viumbe vya kawaida vya mazingira, vingine vikiwa jamaa wa karibu wa viini hatari na visivyodhuru mtu. Jaribio la kuunda mitambo ya kisasa zaidi, inayojipimia yenyewe, lilifutwa 2014. Mtego mkali kupita kiasi hupoteza imani ya watu, kwa kuwa afisa anayepigiwa kengele mara kwa mara bure huishia kuipuuza.

UVIKO-19 ulipozuka, pengo la vifaa lilijidhihirisha upya. Mwanzoni mwa 2020 mkazo uliwekwa kwenye kunawa mikono na kupangusa meza. Nchini Kenya mitungi ya maji ilitapakaa kwenye milango ya maduka, ilhali dirisha la matatu lilisalia jambo la kugombaniwa na abiria. Julai mwaka huo, wanasayansi 239 waliitaka WHO ikubali uwezekano wa virusi kuelea hewani. Sehemu ya ugumu wa kuthibitisha ilitokana na mitego yenyewe: mingi ilivunjavunja virusi wakati wa kuvinasa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walipata njia ya upole zaidi. Kifaa chao huvikwa virusi mvuke wa maji kwanza, vikawa vitone vizito vinavyotua taratibu kwenye kimiminika, mithili ya umande. Mnamo 2020 walivinasa virusi vya corona vikiwa hai katika chumba cha wagonjwa, umbali wa kati ya mita mbili na karibu mita tano kutoka kitandani. Umbali huo ulizidi ule uliokuwa ukihubiriwa na mabango mengi.

Mnamo 2023, wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walitangaza mashine inayofyonza takriban lita 1,000 za hewa kwa dakika, ikaizungusha kama kisulisuli ili virusi vinate kwenye ukuta wenye majimaji, kisha kipima-umeme kinachotumia kingamwili za mnyama llama kikatoa jibu. Kazi yote huchukua dakika tano hivi.

Huko Afrika Kusini, msako wa TB umeelekezwa kwenye pumzi ya mgonjwa mwenyewe. Watafiti wa Leicester, Uingereza, wakishirikiana na wa Pretoria, walibandika vipande vidogo vya kunasa chembe ndani ya barakoa na kuwapa wagonjwa 24 wazivae kwa vipindi vya saa moja moja. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kuwa asilimia 86 ya barakoa hizo zilikuwa na bakteria wa TB. Mjini Cape Town, wagonjwa waliketi ndani ya vyumba vidogo vilivyonasa kila walichopumua. Utafiti uliotangazwa 2021 ulikadiria kwamba kupumua kwa kawaida, bila kikohozi, huenda kukatoa sehemu kubwa zaidi ya bakteria wanaoingia hewani katika siku nzima, kwa sababu mtu hupumua mara nyingi mno kuliko anavyokohoa.

Barakoa hizo zina faida kubwa kwa watoto na wagonjwa wa Ukimwi, ambao mara nyingi hushindwa kutoa makohozi. Hata hivyo, makohozi ndiyo yangali yanategemewa zaidi hospitalini, na mgonjwa asiyeweza kuyatoa hulazimika kufyonzwa majimaji ya tumbo kwa mpira unaopitishwa puani, kupimwa kwa njia nyingine kama vile choo au mkojo, au kusubiri uamuzi wa daktari kutokana na picha ya eksirei.